Alvar Aalto: maswali yanayoulizwa mara kwa mara kuhusu majengo, samani na urithi wake

## Maisha na watu wake

1. Alvar Aalto ni nani?

Ni msanifu majengo na mbunifu wa samani kutoka Finland. Alizaliwa Kuortane tarehe 3 Februari 1898, akafariki Helsinki tarehe 11 Mei 1976. Baba yake alikuwa mpima ardhi, na familia ilihamia mji wa Jyväskylä Alvar akiwa bado mtoto. Alianza kusomea usanifu Helsinki mwaka 1916. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vya 1918 vilimkatiza masomo, naye akapigana upande wa Weupe, yaani wa serikali dhidi ya Wekundu, kisha akahitimu mwaka 1921. Mwaka 1923 alifungua ofisi Jyväskylä, 1927 akaihamishia Turku, na 1933 akahamia Helsinki alikoishi hadi mwisho.

Wengi humjua kwanza kwa stuli ya miguu mitatu au kwa chombo cha maua chenye ukingo wa mawimbi. Tunashauri aanzwe upande wa majengo. Samani zake muhimu zilitengenezwa kwa ajili ya jengo fulani na mtu fulani atakayelitumia, awe mgonjwa, msomaji au diwani. Ukilijua jengo, kiti kinajieleza chenyewe.

2. Mbona anahesabiwa miongoni mwa wanausasa wakati majengo yake yana mbao, matofali na mipindo?

Kwa sababu alipitia usasa wenyewe, mtindo wa majengo sahili yasiyo na mapambo, kabla ya kuupanua. Kazi zake za miaka ya 1920, kama klabu ya wafanyakazi ya Jyväskylä (1925), bado zina nguzo na mapambo ya mtindo wa kale wa Kaskazini. Jengo la gazeti la Turun Sanomat mjini Turku, lililokamilika mwaka 1930, ni la usasa kamili: zege, kuta nyeupe, madirisha marefu ya mlalo.

Baadaye hakuikataa njia hiyo. Alichosema katika maandishi yake ya mwaka 1940 ni kwamba usasa wa awali ulikuwa haujafika mbali vya kutosha. Ulihesabu gharama na matumizi ya nafasi, ukasahau kuhesabu macho, masikio, ngozi na hisia za binadamu. Mfano wa jambo hilo uko katika swali la 5.

3. Aino Aalto alikuwa mke wake tu, au alikuwa mbunifu?

Alikuwa msanifu kamili, aliyehitimu mwaka 1920, mwaka mmoja kabla ya Alvar. Aino Marsio aliingia ofisini mwaka 1924 na wakaoana mwaka huohuo. Glasi zake zenye mistari ya duara, Bölgeblick, alizibuni mwaka 1932 na bado zinauzwa. Kampuni ya Artek ilipoanzishwa alikuwa mkuu wake wa ubunifu, na kuanzia 1941 akawa mkurugenzi hadi alipofariki Januari 1949. Anayeandika kuhusu samani za kipindi cha 1924 hadi 1949 bila kumtaja Aino anaandika nusu ya habari. Mengi katika kazi hizo waliyafanya wawili, na kumpa mmoja peke yake sifa zote ni kosa ambalo vitabu vya zamani vililirudia mno.

Mwaka 1952 Alvar alimwoa Elissa Mäkiniemi, msanifu aliyejiunga na ofisi mwaka 1949. Elissa ndiye aliyesimamia ofisi baada ya 1976 na kukamilisha kazi zilizobaki, ikiwemo nyumba ya opera ya Essen, Ujerumani, iliyofunguliwa mwaka 1988.

4. Artek ni nini?

Ni kampuni iliyoanzishwa Helsinki mwaka 1935 na watu wanne: Alvar, Aino, Maire Gullichsen aliyekuwa na mtaji na mapenzi ya sanaa, na Nils-Gustav Hahl aliyekuwa mwanahistoria wa sanaa. Kazi yake ilikuwa kuuza samani za akina Aalto, kuandaa maonyesho na kueneza fikra za makazi ya kisasa. Msukumo ulitoka nje: samani hizo zilionyeshwa London mwaka 1933, oda zikaja nyingi kuliko mpangilio wa biashara uliokuwepo. Mwaka 2013 Artek ilinunuliwa na kampuni ya Vitra.

Mtu anayesahaulika ni Otto Korhonen, mwenye kiwanda cha samani karibu na Turku. Majaribio ya kukunja mbao yalifanyika kwake, na bila fundi huyo michoro ingebaki karatasini.

## Majengo

5. Nikitaka kujifunza jengo moja tu, lipi lifae?

Hospitali ya kifua kikuu ya Paimio. Aalto alishinda shindano la kuibuni mwaka 1929, ikakamilika mwaka 1933. Wakati ule kifua kikuu hakikuwa na dawa. Tiba ilikuwa mapumziko marefu, hewa safi na jua. Kwa hiyo jengo lenyewe lilikuwa sehemu ya tiba, na mgonjwa angelala humo miezi, pengine miaka. Aalto akabuni kila kitu kwa kuanza na mtu aliyelala chali.

Vyumba ni vya watu wawili na vinaelekea kwenye jua la asubuhi. Mtu aliyelala chali anatazama dari, hivyo dari ilipakwa rangi tulivu ya kijani badala ya nyeupe inayoumiza macho. Taa ziliwekwa nje ya mstari wa macho ya aliyelala. Paneli ya kupasha joto iliwekwa darini na kuelekezwa miguuni, kwa kuwa kichwa kikipata joto mno mgonjwa hukosa raha. Hewa ya baridi iliingia ikipita kati ya vioo viwili vya dirisha, ikapungua ukali kabla ya kumfikia mtu.

Kila mgonjwa alikuwa na beseni lake la kunawia. Ukuta wa ndani wa beseni uliinamishwa ili maji ya bomba yaupige kwa mshazari, yateleze bila kelele, na mwenzake asiamshwe. Kabati zilining'inizwa ukutani ili deki ipite chini yake. Vitasa vya milango vilipindwa kurudi ndani ili mikono ya makoti ya madaktari isinase. Sakafu za ngazi ni za manjano, rangi ya jua katika nchi ambayo majira ya baridi hulikosa.

Hayo ndiyo mazingira yaliyozaa kiti namba 41 (tazama swali la 13). Baada ya dawa za kifua kikuu kupatikana, hospitali za aina hii zilipoteza kazi yake ya awali. Paimio iligeuzwa hospitali ya kawaida na roshani za wagonjwa zikazibwa kwa vioo.

6. Maktaba ya Viipuri inasifiwa kwa mwanga. Mwanga huo unafanyaje kazi?

Paa la ukumbi wa kusomea lina matundu 57 ya duara, kila moja na kipenyo cha mita 1.8, yenye umbo la koni na kina kirefu. Viipuri, wakati ule mji wa Finland, iko karibu nyuzi 61 kaskazini mwa ikweta, ambako jua la juu kabisa la kiangazi halivuki takriban nyuzi 52 juu ya upeo wa macho. Ukuta wa koni ulipewa kina kinachozuia miali ya pembe hiyo isifike moja kwa moja kwenye kitabu. Miali hugonga ukuta mweupe wa koni kwanza, ikatawanyika. Kwa kuwa mwanga unatoka kwenye matundu mengi, mkono wa msomaji hauangushi kivuli kikali juu ya ukurasa.

Ukiuchukua mchoro huo kama ulivyo na kuujenga Mombasa au Dar es Salaam, utashindwa. Huko jua hufika utosini, na koni iliyo wazi kuelekea juu italiingiza hadi mezani pamoja na joto lake. Kinachofaa kuigwa ni hesabu ya pembe ya jua la mahali, umbo litafuata.

Ukumbi wa mihadhara wa maktaba hiyo una dari ya mbao yenye mawimbi, iliyokusudiwa kusambaza sauti ili mtu wa nyuma asikie kama wa mbele. Maktaba ilifunguliwa mwaka 1935. Baada ya Vita Kuu ya Pili mji ukawa wa Umoja wa Kisovyeti, na sasa uko Urusi kwa jina la Vyborg. Jengo lilikaa miaka mingi bila matunzo. Ukarabati mkubwa uliofanywa kwa ushirikiano wa Warusi na Wafini ulikamilika mwaka 2013.

7. Kwa nini ukumbi mdogo wa kijiji cha Säynätsalo ni maarufu hivyo?

Säynätsalo ilikuwa jumuiya ya viwanda vya mbao yenye watu wapatao 3,000. Aalto aliipa jengo la serikali ya mtaa (1949 hadi 1952) kwa heshima ambayo kwa kawaida hupewa miji mikubwa. Vyumba vya matofali mekundu vinazunguka ua ulioinuliwa ghorofa moja juu ya barabara. Unapanda ngazi, unafika uani, ndipo unaingia. Ngazi ya upande wa pili ni ya udongo ulioota majani, ukizuiwa na mbao.

Ukumbi wa baraza una kimo cha takriban mita 17 na mwanga hafifu. Juu yake, viguzo vya mbao vinatawanyika kama vidole kutoka sehemu mbili na kubeba paa. Vinafanya kazi mbili: kubeba mzigo, na kuacha nafasi ya hewa kati ya paa na dari katika nchi ya theluji.

Karibu na hapo, kisiwani Muuratsalo, Aalto alijijengea nyumba ya majira ya kiangazi. Kuta za ua wake zimegawanywa katika vipande vipatavyo 50, kila kimoja kikijaribu aina ya tofali, kigae au mpangilio wa uashi, kuona vitakavyostahimili baridi. Mwalimu wa uashi atapata somo zima ukutani pale.

8. Villa Mairea ina nini cha pekee?

Ni nyumba ya Maire na Harry Gullichsen huko Noormarkku, iliyokamilika mwaka 1939. Wenye nyumba walimruhusu ajaribu. Utaona nguzo za chuma zilizofungwa kwa henzirani sehemu ambazo mkono hugusa, nguzo nyembamba za mbao kando ya ngazi zinazofanana na msitu wa nje, na sauna yenye paa la udongo ulioota majani uani. Hakuna nguzo mbili zilizotendewa sawa.

9. Alijenga nje ya Finland?

Ndiyo. Bweni la Baker House la chuo cha MIT, Marekani, lilifunguliwa mwaka 1949. Limepinda kama nyoka ili vyumba vingi vipate kuutazama mto Charles kwa mshazari badala ya kukodolea barabara. Kuna pia nyumba ya Louis Carré karibu na Paris (1959), kituo cha utamaduni cha Wolfsburg, Ujerumani (1962), Nyumba ya Nordiki huko Reykjavik (1968), maktaba ya abasia ya Mount Angel, Oregon (1970), na kanisa la Riola, Italia, lililokamilika baada ya kifo chake.

10. Ni kweli marumaru za Finlandia Hall zilipinda?

Ni kweli, na zimepinda mara mbili. Finlandia, ukumbi wa tamasha na mikutano wa Helsinki, ilifunguliwa mwaka 1971 ikiwa imevikwa marumaru nyeupe za Carrara, Italia, kwa vipande vyenye unene wa takriban sentimita 3. Aalto alitaka Helsinki iwe na kitu cha Bahari ya Kati.

Marumaru ni fuwele za kalisiti zilizoshikana. Fuwele moja ikipata joto hutanuka upande mmoja na kunywea kidogo upande mwingine. Joto likipanda na kushuka maelfu ya mara, fuwele husukumana na kuachana, jiwe linapoteza nguvu, na unyevu unaingia katika nyufa. Bamba nene huvumilia, lakini bamba jembamba lililoshikiliwa pembeni hupinda kama sahani. Mwishoni mwa miaka ya 1990 mabamba yalibadilishwa, kwa marumaru ya Carrara tena ili sura ya jengo isibadilike. Yakapinda tena. Katika ukarabati ulioanza mwaka 2022 lilichaguliwa jiwe jingine jeupe, marumaru ya Lasa kutoka kaskazini mwa Italia, na ukumbi ulifunguliwa tena mwaka 2025.

Anayepanga kuvika ukuta wa nje kwa marumaru asitosheke na sampuli nzuri. Aulize matokeo ya jaribio la jiwe kupashwa joto na kulowanishwa kwa mizunguko mingi.

## Samani

11. Mguu wa herufi L umetengenezwaje, na kwa nini ulikuwa jambo kubwa?

Tatizo la zamani la useremala ni kona kati ya mguu na kikalio. Ukiunga kwa ulimi na tundu, kiungo hubeba msukosuko wote na ndicho hulegea kwanza. Chuma cha bomba kilimaliza tatizo hilo katika miaka ya 1920, kwa kuwa bomba hupindwa. Aalto alikuwa akivitumia viti vya chuma, lakini aliona kwamba chuma ni baridi kikiguswa, humeta machoni na hurudisha kelele.

Yeye na Korhonen walichukua ubao wa betula, mti wa gome jeupe uliojaa Finland, wakaupasua kwa msumeno upande mmoja tu, kufuata nyuzi za mti, mikato kadhaa sambamba. Ndani ya mikato wakatia vinia, yaani mbao nyembamba sana, zenye gundi. Sehemu hiyo ikapashwa joto, ikapindwa hadi pembe ya nyuzi 90 na kushikiliwa hadi gundi ishike. Chini mguu unabaki mbao nzima, imara; juu unakuwa tabaka zilizopinda. Mwisho wake wa mlalo unafungwa kwa skrubu moja kwa moja chini ya kikalio, bila kiungo cha kuchonga. Hataza ilitolewa mwaka 1933.

Mguu huohuo ukibadilishwa kimo na upana unafaa stuli, kiti, meza na benchi. Baadaye ulifuatwa na mguu wa Y (1947) na ule wa umbo la feni ya mkono wa 1954 unaoungana na kikalio kama ubavu.

12. Stuli 60 ina miguu mitatu. Haipinduki?

Miguu mitatu haitikisiki hata sakafu ikiwa na mabonde, kwa sababu nukta tatu daima hukaa kwenye bapa moja. Hiyo ni faida halisi kwenye sakafu ya saruji ya mkono. Hasara iko ukingoni. Kikalio kina kipenyo cha takriban sentimita 38 na miguu iko karibu na ukingo. Kutoka katikati hadi mstari unaounganisha miguu miwili ni kama sentimita 9 tu. Kwa miguu minne ni kama 13. Uzito ukihama zaidi ya hapo, katikati ya miguu miwili, stuli inalala.

Kwa hiyo usipande juu yake kubadilisha balbu, na kwa wazee au watoto chagua E60 yenye miguu minne. Kimo cha zote mbili ni takriban sentimita 44. Miguu mitatu ndiyo inayozifanya stuli 60 zipangike kwa mzunguko, moja juu ya nyingine, na mnara wake kuchukua nafasi ndogo. Maktaba ya Viipuri (swali la 6) ilizitumia.

13. Namba 41, 42, 400 na 901 zinatofautianaje?

Namba 41 (1932) ndicho kiti cha Paimio. Kikalio na mgongo ni karatasi moja ya plaiwudi iliyoviringishwa ncha zote mbili, ikining'inia ndani ya vitanzi viwili vilivyofungwa vya betula ya tabaka. Plaiwudi hucheza kidogo ukikaa, na ndiyo maana kinaliwaza bila mto. Mgongo umeinama kwa pembe inayofungua kifua cha mwenye shida ya kupumua. Kinachoharibika kwanza ni viringo la juu: mtu akikibeba kiti kwa kulishika, tabaka huachana. Kishike kwa vitanzi.

Namba 42 ni ndugu yake mdogo, ila haina miguu ya nyuma. Fremu hupinda mbele na kuacha kikalio kikielea. Namba 400 (1936) hutumia wazo hilohilo kwa kiti kizito chenye mito, na fremu zake ni pana kwa kuwa mbao iliyoegemea upande mmoja hubeba mzigo mkubwa kwenye mpindo. Namba 901 ni toroli ya chai yenye magurudumu mawili makubwa.

14. Nitajuaje kama stuli ni halisi au ni ya kuiga?

Tazama mpindo kwa pembeni. Katika mguu halisi, mistari ya vinia inaanzia juu, inafuata mpindo, kisha inaishia mguuni. Chini yake ni mbao moja. Nakala nyingi za bei rahisi ni plaiwudi ya tabaka kutoka juu hadi chini. Hiyo haimaanishi ni mbovu, ila si mguu wa L.

Pindua uangalie mhuri. Zilizotengenezwa Sweden, kiwandani Hedemora, baada ya vita zina maandishi ya Kiswidi, nazo ni halisi. Kuna pia miguu ya miaka ya vita yenye kona iliyounganishwa kwa meno badala ya kupindwa, kwa sababu vifaa viliadimika. Wauzaji wasiojua huidhania nakala, wakati wakusanyaji huitafuta. Rangi ya asali ni dalili ya umri, kwani betula hugeuka hivyo kwa mwanga. Lakini vanishi ya rangi nayo huigiza jambo hilo. Kagua sehemu iliyofichwa chini ya kikalio: ikiwa na rangi sawa kabisa na ya juu, uliza zaidi.

15. Je, samani hizi zinastahimili hewa ya pwani, mchwa na dumuzi?

Zinahitaji uangalizi. Nyumba ya Finland iliyopashwa joto huacha mbao na unyevu wa asilimia 6 hadi 8. Pwani yetu, mbao zilezile zitapanda hadi karibu asilimia 14 au 15. Zitatanuka kukata nyuzi, na skrubu zinaweza kulegea mbao zikinywea tena. Samani ikifika, iache wiki mbili ndani ya chumba kivulini kabla ya kuikaza, kisha ikaze kwa mkono, si kwa drili.

Tundu la skrubu likichakaa, usitie skrubu nene. Chonga kijiti cha mbao ngumu, kipake gundi, kigongomee, kikate usawa, toboa upya kesho yake.

Betula haina ulinzi wake dhidi ya wadudu. Usiiweke kwenye sakafu ya udongo wala barazani. Unga mwembamba chini ya tundu dogo ni ishara ya dumuzi. Tenga samani hiyo siku hiyohiyo. Kikalio cha linoliamu kifutwe kwa sabuni laini; magadi na vitu vikali huikausha na kuipasua.

16. Naweza kutengeneza mguu wa L katika karakana yangu?

Ndiyo, ukipunguza unene wa tabaka. Kiwandani walikuwa na mashinikizo ya joto; fundi mwenye msumeno wa utepe na klampu afanye hivi.

Chagua mbao ya nyuzi zilizonyooka, isiyo na fundo. Mkangazi haufai sana kwa sababu nyuzi zake husokotana, hivyo huvunjika ukipinda. Msaji una mafuta. Upanguse kwa asetoni kabla ya kutia gundi. Kwa mguu wa unene wa mm 30, pasua mikato 8 yenye upana wa mm 1, ukiacha majani 9 ya mm 2.5: 22.5 na 8 ni 30.5, inatosha. Kina cha mikato kiwe urefu wa sehemu ya mlalo, na mpindo wote, na mm 60 za ziada.

Hizo 60 ni muhimu. Ukipinda nyuzi 90, jani la nje lina safari ndefu kuliko la ndani, na tofauti ni unene mara 1.57, yaani mm 47 kwa mguu huu. Majani yatateleza na ncha zitakuwa kama ngazi, utazikata mwishoni. Asiyeacha ziada huishia na mlalo mfupi.

Usipinde makavu. Kwa nusu kipenyo cha mm 50, jani kavu la mm 2.5 litapasuka. Yapikie mvuke, yafunge kwenye kalibu bila gundi, yaache yakauke kabisa, siku kadhaa. Kisha fungua, tia vinia za mm 0.8 au 0.9 zilizopakwa gundi pande zote mbili, rudisha kwenye kalibu, kaza kuanzia kwenye mguu kuelekea nchani ili gundi ya ziada itoke. Acha usiku kucha.

Gundi nyeupe ya kawaida haifai: inashika, lakini chini ya mvutano wa kudumu hutambaa polepole na pembe inafunguka. Tumia gundi ya yurea au epoksi, na kwenye joto changanya kidogo kidogo maana huwahi kuganda. Ufa ukitokea, karibu kila mara huanzia mwisho wa mkato, pale mbao nzima inapoanza. Toboa hapo tundu dogo kabla ya kupinda, au uhamishe mpindo mbali kidogo na mwisho wa mkato. Pembe ikifunguka kidogo baada ya kutolewa, tengeneza kalibu ya nyuzi 88.

17. Kuiga hivyo ni halali?

Hataza za miaka ya 1930 zimekwisha muda, kwa hiyo mbinu ya kupinda ni ya wote. Sura ya samani ni jambo jingine. Katika nchi za Umoja wa Ulaya hakimiliki hudumu miaka 70 baada ya kifo, na kwa Aalto hiyo ni hadi mwisho wa 2046 kwa kazi zinazohesabiwa kuwa sanaa. Kutengeneza stuli ya kukalia nyumbani ni tofauti na kuuza mia moja. Na kamwe usiiuze kwa jina la Aalto au Artek. Anayetaka kuuza nje aulize mwanasheria wa nchi anakouza.

## Urithi

18. Chombo cha maua cha Savoy kilitoka wapi?

Kilibuniwa kwa shindano la kiwanda cha glasi cha Karhula-Iittala mwaka 1936, na mwaka uliofuata kikawekwa katika mgahawa wa Savoy, Helsinki, ambao samani zake zilibuniwa na akina Aalto. Glasi hupulizwa ndani ya kalibu. Mwanzoni kalibu zilikuwa za mbao, baadaye za chuma. Ugumu uko kwenye mipindo ya ndani: glasi hufika huko imepoa, unene ukawa si sawa. Ukikiosha, usimimine maji moto ndani ya chombo kilichopoa.

19. Alilaumiwa kwa lolote?

Ndiyo, na lawama nyingine zina haki. Makao makuu ya kampuni ya Enso-Gutzeit (1962), kando ya bandari ya Helsinki, yalivikwa marumaru na kuonekana mageni kwa kanisa kuu la Kiorthodoksi lililo nyuma yake. Ukumbi wa tamasha wa Finlandia haukuwaridhisha wanamuziki kwa sauti yake, na Helsinki ikajenga ukumbi mwingine wa muziki uliofunguliwa mwaka 2011. Kizazi kipya cha wasanifu wa miaka ya 1960 kilimwona mtu wa majengo ya kifahari wakati nchi ilihitaji nyumba nyingi za haraka. Hoja hiyo ya mwisho ni nzito, ingawa inasahau nyumba za kawaida za wafanyakazi alizobuni kwa ajili ya kampuni za viwanda.

20. Naweza kutembelea wapi?

Jyväskylä ina makumbusho yake, katika jengo alilolibuni mwenyewe (1973), na ukiwa hapo Säynätsalo na Muuratsalo ziko karibu. Helsinki, mtaa wa Munkkiniemi, kuna nyumba yake (1936) na studio yake (1955). Zote huingiwa kwa ziara ya kuongozwa. Villa Mairea ni lazima uombe nafasi mapema. Paimio nayo hupokea wageni. Nyumba ya Muuratsalo hufunguliwa majira ya kiangazi tu, hivyo panga safari kati ya Juni na Agosti, na hakikisha saa za ziara kabla ya kununua tiketi ya treni.